Lenzi Iliyoanzia Ishirini na Nne

Wiki nzima nililinganisha lenzi mbili pale studioni kwangu Mbinga: ile ndogo iliyokuja na kamera, na ile nzito niliyokuwa naililia siku zote. Nilipiga picha vibao vya maduka, kahawa kwenye vichanja, waumini wakitoka misa. Ndogo ilianzia milimita kumi na nane, ikameza chumba kizima, ila kwenye kiza ilikuwa haioni kitu. Nzito ilianzia ishirini na nne, na kwenye kamera yangu ya bei ya chini ilibana, ikaingiza eneo dogo tu. Lakini ndani ya nyumba, we! Ilitoa sura safi. Inabana nini, nikasema, si nitarudi nyuma kidogo? Nikaiuza ndogo.

Mdogo wangu akapata mchumba. Baba alikuwa mgonjwa wa kitandani, kupanda gari hadi kanisani hawezi, kwa hiyo siku moja kabla ya ndoa tuliteremka na mdogo wangu hadi kwetu Lipingo ili Baba ambariki. Bibi harusi akavaa gauni lake palepale nyumbani.

Chumba cha Baba kina kiza, na kati ya kitanda na kabati mtu hupita kwa ubavu. Shangazi alikuwa mlangoni na simu yake, na wengine nyuma yake. Nikawaka: "Simu chini! Mnaniharibia picha. Kazi hii ina mwenyewe!" Wakazishusha.

Mdogo wangu akapiga magoti. Baba, tumemwegemeza kwenye mito, akanyoosha mkono akamwekea kichwani. Nikarudi nyuma, mgongo ukagonga kabati. Nikimweka Baba kwenye picha, binti anatoka. Nikimweka binti, Baba anatoka.

"Dada, piga hata kwa simu," akanong'ona, kichwa kimeinama.

"Nipige harusi ya mdogo wangu kwa simu? Nyamaza, uso unaharibika."

Nikapiga picha ya mmoja, kisha ya mwingine. Mkono wa Baba ukachoka, akaushusha. Nikajipa moyo kwamba nitaziunganisha kwenye kompyuta. Hazikuungana, kila moja ilikuwa na pembe yake. Mwezi haukuisha, tukamzika Baba. Najuta, jamani. Najuta mpaka leo.

Mdogo wangu hajanilaumu hata siku moja. Sebuleni kwake ametundika fremu mbili. Kwenye moja yupo Baba, mkono umekatikia kwenye kiwiko. Kwenye nyingine yupo yeye, na mkono kichwani. Wageni humuuliza ule mkono ni wa nani.