Nota Kutoka Mbeya na Betri Zilizoanikwa

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio kaseti zikajaa madukani Sumbawanga, kuchagua nyimbo za kwaya ya parokia kuligeuka adha tupu. Mwalimu wa kwaya nilikuwa mimi. Nilisafiri hadi Mbeya, nikapekua rafu za duka la vitabu la kanisa kutwa nzima, nikitafuta nota ambazo wanaume wetu wa sauti ya tatu wangezifikia bila kukabwa. Nikapata wimbo mmoja wa Pasaka, umechapwa vizuri, sauti zote nne.

Narudi, nakuta wanakwaya wameshajifunza wimbo ule ule kwa kaseti. Tena kwa redio yenye betri zilizokwisha, wanazianika juani ziamke kidogo. Kaseti ilijikokota, nao wakaushika hivyo hivyo, mzito kama wa msiba. Na walikuwa wameshawafundisha kwaya ya Milepa, waliokuja kututembelea.

Nikawaonyesha nota. Mwenyekiti wetu, mama mkulima wa ulezi, akazitazama akatikisa kichwa. "Mwalimu, hicho kitabu kimekosea."

Nikawang'ang'ania mpaka wakafuata kitabu. Kwenye mashindano kule Matai tukaimba kwa mwendo uliochapwa. Tukawa wa mwisho.

Nilimfuata mwamuzi nimefura, nota mkononi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kwaya ya Milepa.

"Mmekimbia mno," akasema, akinionea huruma. "Wimbo huu mlitufundisha ninyi wenyewe, mkiuimba vizuri kabisa. Kwani nani kawaharibia?"