Ubao Niliouapia

Ndovu walipobomoa jiko langu na la jirani yangu Mama Wakesho hapa Marungu, mbao zetu zilichanganyika. Ubao mmoja mnene, mweusi kwa masizi, niliapa mbele ya watu kwamba ni wangu.

Nikaazima randa nijitengenezee benchi, ingawa sikuwa nimewahi kuishika. Nilisukuma, ikakwama. Nikasukuma kwa hasira, ikachimba shimo.

“Geuza ubao, Mama Mghoi,” jirani akanicheka kutoka uani kwake. “Mti haulazimishwi.”

Nikageuza. Wacha niseme ukweli, nilishikwa na bumbuazi. Chini ya masizi ulitoka mti mwekundu kama udongo wetu baada ya mvua, unanukia, na maranda yakajikunja membamba kama maganda ya kitunguu. Kumbe miaka yote uzuri huu ulikuwa unafukizwa moshi! Nikamwita Mama Wakesho aje auone ubao wangu.

Akaja, akainama, akapitisha kidole juu ya ubao. Katikati ya wekundu ule ilikuwa imejitokeza alama iliyochomwa kwa chuma: msalaba ndani ya duara, chapa ya ng'ombe wa marehemu mumewe.

“Endelea tu, mama,” akasema polepole. “Benchi langu linapendeza.”