Fundi Kimya na Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Jina la utani la Fundi Kimya hakujipa mwenyewe, lakini lilimkaa sawasawa. Miaka thelathini na moja alipaka rangi nyumba za watu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza swali. Unamwonyesha ukuta, anatikisa kichwa, anavua shati la heshima, anavaa lile lenye madoa, anaanza. Ukimpa chai atakunywa. Usipompa, shauri yako. Wateja walimpenda kwa hilo, na madalali walimpenda zaidi. Na dalali, ndugu yangu, hampendi mtu bure.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Kuna nyumba ambazo ni wagonjwa. Mjenzi alibania vifaa wakati wa msingi, hakutandika nailoni ya kuzuia maji, basi unyevu unapanda ukutani taratibu kutoka ardhini. Plasta inavimba, rangi inabanduka, ukungu mweusi unatambaa hadi usawa wa kiuno. Dawa yake inajulikana: bomoa plasta, ziba njia ya maji, acha ukuta ukauke majuma kadhaa, ndipo upige plasta mpya. Hiyo ni dawa ya mwenye kuishi humo. Dawa ya mwenye kuuza ni nyingine kabisa. Kwangua juu juu, siliba puti ya kusawazisha, piga msasa, paka rangi ya mafuta kuziba madoa, halafu rangi ya maji mara mbili juu yake. Siku mbili tu, ukuta unang'aa kama bibi harusi. Unakaa hivyo miezi sita, saba, mpaka mvua zikolee. Kufikia hapo mnunuzi ameshatia saini, na dalali ameshabadilisha namba ya simu.

Mara ya kwanza ilimuuma Fundi Kimya. Usimchukulie kuwa mtu mbaya. Alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya nyumba ile, asije akakutana na wenyewe. Mara ya pili ilimuuma kidogo. Kufikia ya tano moyo ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mtu akizoea ganzi huona ndiyo afya. Tatizo ni kwamba ganzi haichagui pa kukaa. Mke wake alipofariki, watu walilia mpaka sauti zikawakauka. Yeye alikaa kwenye kiti akitazama dari, na wazo lililomjia ni kwamba aliyepaka dari ile alikuwa mvivu, ameacha pembe. Alimpenda mke wake, na sana. Basi tu, kilio hakikuja.

Alibaki na binti mmoja, mwalimu wa chekechea, mwenye mtoto wa kike wa miaka sita. Mume alikula kona zamani, tusipoteze muda naye. Mama na mtoto walipanga chumba kimoja na sebule, nyuma ya duka la vyuma, na chumba hicho kilikuwa na unyevu hadi nguo kabatini zinanuka. Mtoto ana pumu. Mwaka jana alilazwa mara tatu, na mara ya tatu daktari alimwambia mama yake pasipo kuzunguka: "Mtoto huyu akiendelea kulala kwenye ukungu, iko siku mtachelewa kumleta." Tangu siku hiyo mwalimu aliacha kununua hata viatu. Alikuwa na akiba ya miaka minane, akakopa kazini, akaanza kutafuta nyumba.

Alipomwendea baba yake kuomba ushauri, Fundi Kimya aliongea siku ile kuliko alivyoongea mwaka mzima. Aliongea bila kuinua sauti, kama anayesoma tangazo.

"Dalali usimpe hela mkononi, hata akulilie. Malipo ya kwanza yakae kwa wakili, na wakili awe wako, si wa kuletewa naye. Hati nenda ofisi ya ardhi mwenyewe, usiridhike na nakala kivuli. Muuzaji kama ana mke, mke naye atie saini, la sivyo utakuja kufukuzwa na mama mwenye watoto wanne. Majirani uwaulize, tena uwakute wanafua, mtu anayefua hana muda wa kudanganya. Fungua mabomba yote kwa pamoja. Ukiambiwa kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na hela taslimu, jibu kwamba unamtakia heri."

"Na dalali mzuri nitamjuaje, baba?"

"Hutamjua. Madalali wote ni wamoja. Usihangaike na jina lake, hangaika na karatasi."

"Na kuta?"

"Kuta nitakuja kuziangalia mimi."

Binti alifuata kila neno. Alipata nyumba ya vyumba vitatu, bei ya kushikika, karibu na shule. Akaenda ofisi ya ardhi mara mbili. Mke wa muuzaji akatia saini. Mabomba yalifunguliwa yote, yakatoka maji. Malipo ya kwanza yakakaa kwa wakili, na kwenye mkataba wakaandika kwamba fundi wake ana hadi Jumatatu kukagua: akiona kasoro, mnunuzi anarudishiwa hela zake zote. Jumatatu ikipita, nyumba ni yake jinsi ilivyo, na deni la kazini linaanza kukatwa kwenye mshahara kwa miaka kumi na miwili. Kilichobaki ni baba kuja kutazama kuta. Jina la dalali baba hakuliuliza, na binti hakulitaja.

Jumamosi asubuhi wakaenda watatu: babu, mama na mjukuu. Geti lilikuwa jipya, la bluu, na Fundi Kimya hakuhisi chochote alipolipita. Mlangoni alisimama mwanamume mnene wa shati jeupe, meno yote nje. Huyo ndiye dalali mwenyewe, Tabasamu. Miaka kumi na mitatu sasa, Fundi Kimya alikuwa akipakiwa nyuma ya pikapu ya Tabasamu, pamoja na ndoo na ngazi, na kushushwa nyuma ya nyumba za watu.

"Shikamoo mzee wangu!" Tabasamu akasema, kama ndiyo kwanza anamwona duniani. "Karibu, karibu. Kumbe wewe ndiye fundi wetu leo?"

"Marahaba," akajibu Fundi Kimya.

Tabasamu alimbana mkono kuliko salamu inavyodai. Basi. Biashara ilikuwa imeshazungumzwa hapo hapo mlangoni, na binti hakuona hili wala lile, alikuwa anamfungulia mtoto viatu asichafue sakafu ya nyumba yao mpya.

Sebule ilikuwa nzuri kweli. Jiko zuri. Chumba cha kwanza, Fundi Kimya alipitisha kiganja ukutani na kugonga kwa kifundo cha kidole, chini, katikati, juu. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito. Huu ulikuwa mzima. Binti alikuwa nyuma yake hatua kwa hatua, amebana pumzi.

"Na hiki cha nyuma ndicho cha mtoto," akasema. "Kina dirisha kubwa, atapata hewa."

Mjukuu alitangulia mbio, akajilaza chini kwenye sakafu tupu, mikono ameitanua, akisema kitanda kitakaa hapa na kichwa kitaelekea huku. Kichwa kilikuwa kimeugusa ukuta. Fundi Kimya akatazama juu, pale ukuta unapokutana na dari. Mstari wa rangi ulikwenda moja kwa moja kama uliopigwa kwa rula, na kwenye pembe ya kushoto ulipinda kidogo kukwepa waya wa taa. Hakuna fundi mwingine mjini anayepiga mstari ule kwa mkono mtupu, bila karatasi ya gundi. Kila mtu anaujua mwandiko wake. Miezi minne iliyopita, wakati wa kiangazi, alisimama hapa hapa, akaufunika kwa rangi ukungu uliofika kiunoni, akanywa chai, akaondoka kwa mlango wa uani.

Alitegemea moyo uruke. Haukuruka. Alimtazama mtoto sakafuni, akamtazama Tabasamu aliyeegemea mlango, na kilichomjia kichwani ni hesabu baridi tu: mvua zinaanza baada ya majuma matano. Tabasamu ana nyumba tatu zinasubiri kupakwa. Binti yangu hajawahi kuniona mwongo. Vyote vilikuwa na uzito sawa, na hakuna kilichouma. Loo, mtu afike hapo! Lakini alikuwa amefika, na alisimama pale muda mrefu hadi binti akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Baba? Unasemaje?"

"Mzee ameridhika huyu," Tabasamu akadakia, "namwona usoni. Mafundi wa zamani hawana maneno mengi."

"Baba."

"Mwinue mtoto," akasema Fundi Kimya.

"Kwa nini?"

"Mwinue kwanza."

Akatoa kikwangulio mfuko wa nyuma, akapiga goti, akakiingiza juu kidogo ya sakafu. Rangi ilitoka kipande kikubwa kwa mkupuo mmoja, na puti ikafuata, imelowa kama uji. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Harufu ikapanda, ile ile ya kabati la nyuma ya duka la vyuma. Mtoto akaanza kukohoa, mama yake akamtoa nje haraka, akarudi peke yake.

"Wewe mzee umerukwa na akili?" Tabasamu hakuwa akicheka tena. "Unabomoa mali ya watu! Mwambie binti yako basi, mwambie kila kitu, tuone nani atachafuka."

"Aniambie nini?" binti akauliza.

"Ukuta huu niliupaka mimi," akasema Fundi Kimya, bado amepiga goti. "Nilijua ulivyo. Ni kazi yangu na yeye. Mpigie wakili leo, usingoje Jumatatu. Hela zako zitarudi."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya kutoa ushauri. Tabasamu alitukana kidogo, akapiga geti, pikapu ikaondoka. Binti alikuwa amesimama katikati ya chumba. Baba yake alingoja apige kelele, maana kelele angeziweza. Hakupiga.

"Ziko ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Nyumba kama hii. Ulizopaka."

"Sijui. Ishirini. Zaidi."

"Wana watoto?"

"Sikuuliza."

"Wangenunua hii wengine, ungewaambia?"

"Mwanangu..."

"Nimeuliza, baba."

"Hapana," akasema. "Nisingewaambia. Nimesema kwa sababu ni wewe."

Alitarajia hilo lingemfaa kidogo. Binti alimtazama kama anavyomtazama mzazi aliyesahau kumchukua mtoto shuleni, kwa hasira aliyoizoea na kuichoka. Kisha akatoa simu, akafungua mahali pa kuandika.

"Nitajie mitaa."

"Ya nini sasa? Watu wameshahamia."

"Wameshahamia, ndiyo. Wanalala humo. Nitajie, nitawapitia mmoja mmoja niwaambie wabomoe plasta. Anza."

Akaanza. Mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya kona. Ile ya ghorofa moja karibu na kiwanda cha sabuni, chumba cha chini. Binti akaandika. Ya tatu ilikuwa mkabala na zahanati, geti la kijani, na alipoitaja ikamjia sura ya mwanamke aliyekuja kuitazama nyumba rangi ikiwa bado mbichi. Alikuwa na mimba kubwa. Alisimama mlangoni, ameshika kiuno, akasema rangi ile ya maziwa itamtuliza mtoto, halafu akamshukuru yeye, fundi, kwa kazi safi. Na yeye alimjibu, "Karibu."

Alifungua mdomo kutaja ya nne, sauti haikuja. Alijaribu tena. Alikuwa amepiga goti bado, unga wa puti mikononi, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye sakafu ya watu, mzee mzima, na hakujua hata ya nani kwanza, ya mwanamke yule au ya mke wake. Yaliuma kweli. Alinyoosha mkono kumtafuta binti yake.

Binti hakuushika. Wala hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Ya nne, baba," akasema.