Fimbo Isiyo na Zumari

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya serikali ya Mwingereza hapa Amu, mzee mmoja wa Wiyoni akiomba ruhusa ya kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo kwa zumari na ngoma, katika arusi ya mwanawe. Ofisa, Mwairishi, akatikisa kichwa.

"Hapana. Kupigana kwa fimbo ni hatari."

Nyuma yake ukutani, kwenye msumari, ilining'inia fimbo bapa iliyopinda mwishoni. Mzee aliikodolea macho, na ofisa akaisahau hatari. Akaiangua, akaipapasa, akatusimulia alivyoichezea timu ya wilaya ya kwao mchezo wao wa fimbo tangu ujana mpaka goti lilipoteguka. Akafunua mdomo kwa fahari tuone pengo la meno.

"Mchezo wa wanaume!"

"Na zumari apija nani?" mzee akauliza.

"Zumari? Hakuna muziki. Kuna mpira."

"Hapana zumari, na meno yang'oka?" Mzee akakaza kilemba. "Bwana, huo si mtezo. Hivyo ni vita."

Ruhusa hakupata. Sisi ambao fimbo zetu hugongana kwa mapigo ya ngoma tumeonywa tusiumizane, na aliyetuonya ndiye mwenye pengo. Arusi itapita kimya. Ustaarabu umerudishwa ukutani, kwenye msumari uleule.