Mbuzi Wasiokuwamo Kwenye Karatasi Yangu

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba enzi ya Mdachi walikuwapo watu Mpwapwa waliokutana kila mwezi kusomeana maandishi yao, hucheka. Wanadhani zama zile tulijua kubeba mizigo na kukimbia kodi tu. Wacheke. Mimi nilikuwamo, na mkutano mmoja wa watu wale unaniuma hadi leo.

Tulikutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, katika chumba cha shule ya misheni. Kilikuwa tembe la udongo lenye paa bapa na mlango mfupi, ukiingia bila kuinama unakumbuka siku hiyo wiki nzima. Tulikuwa wachache: mwalimu mzee aliyetufundisha kusoma, naye ndiye mwenyekiti, vijana wawili wa misheni, Mrangi mmoja wa Kondoa aliyekuwa mnunuzi wa asali na nta, na mimi, mwanamke peke yangu. Mrangi alikuwa Mwislamu. Herufi za Kiarabu alizijua tangu chuo cha Kurani, na zile za Kizungu alifundishwa na mwalimu wetu. Wino tulitengeneza wenyewe kwa masizi na gundi ya mgunga. Karatasi ilikuwa ya kufungia sukari, kutoka duka la Mhindi, kwa hiyo hakuna aliyeandika porojo. Isipokuwa Mrangi. Yeye kila mwezi alituletea maandishi ya asali: asali ya mwezi huu nyeusi, asali ya mwezi uliopita nyepesi. Tulimtania mpaka tukachoka.

Tulikuwa na desturi yetu. Mwandishi hakusoma maandishi yake mwenyewe. Alimpa mwenzake, naye aliyapitia kimya kwanza, kisha akayasoma kwa sauti. Mwandishi aliketi ameuelekea ukuta, mgongo kwa watu, mdomo kaufunga, mpaka msomaji akunje karatasi. "Maneno yako yakihitaji uso wako ili yaeleweke," mwalimu alisema, "hayajaiva." Na msomaji alikatazwa kubadili hata neno moja. Aliyebadili neno la mwenzake alitoka, asirudi. Kwa hilo mwalimu hakuwa na mzaha hata kidogo.

Desturi hiyo ndiyo iliyonifanya nimlete mama yangu mwezi ule.

Kaka yangu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya msafara wa serikali kwenda Kilimatinde. Msafara ulirudi, yeye hakurudi. Mama aliambiwa kwamba amebaki boma huko, anafanya kazi. Akaamini. Lakini mpagazi mwenzake alinijia shambani akanieleza yote. Katika nyika ya Marenga Mkali, ambako maji ni ya kuhesabiwa, kaka alishikwa na homa akaanguka na mzigo wake. Mzigo ulipewa mwingine. Kaka aliomba maji, mnyapara akakataza, akasema maji ni ya wanaotembea. Msafara ukaondoka, yeye akaachwa kando ya njia.

Ningemwambiaje mama? Kila nilipofungua kinywa alikuwa akinionyesha ng'ombe atakaowatoa kwa mahari ya kaka. Tena kwetu Wagogo habari ya namna ile hailetwi na mdogo wa marehemu, huletwa na mtu mzima, kwa utulivu. Baba alikwisha kufa. Basi nikaiandika, neno kwa neno kama nilivyoambiwa, nikasema isomwe na Mrangi, mtu mzima mwenye heshima zake. Nilimweleza mapema kwa nini, naye akasema, "Wallahi, dada yangu, umenitwisha. Lakini nitaisoma." Mama alikijua Kiswahili cha njia ya misafara tu, ila kilimtosha.

Siku ilipofika mama alijipaka mafuta, akaja, akasalimia watu wote "Mbukwa" mmoja mmoja kama yuko harusini. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaketi karibu na mlango. Mimi nikampa Mrangi karatasi, nikaugeukia ukuta. Nikamsikia anaipitia kimya. Anapumua kwa nguvu.

Hapo nikasikia viatu.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuwa akida, mtawala wetu chini ya Mdachi, pamoja na askari mwenye bunduki, na hakuna aliyepona. Sikumwona, lakini sauti ile nani hakuijua? Ilikuwa ya mtu wa pwani, laini, ya kupendeza hata inapotaja viboko.

"Nasikia hapa mnaandika," alisema.

"Ndiyo, bwana akida, karibu," mwalimu akajibu. "Habari za kawaida tu. Mashamba, mifugo."

"Hamwandiki habari za serikali?"

"Hapana, bwana."

"Vyema. Huyo ameshika karatasi. Asome, nasi tusikie."

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Aliyenung'unika juu ya msafara wa serikali alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, hadharani, awe mwanaume au mwanamke. Mimi nilijua pia. Lakini niseme kweli, mawazo yangu hayakuwa kwenye kiboko. Nilijisemea, asome, potelea mbali, mama asikie, yaishe.

Mrangi akakohoa. Akaanza.

"Jirani yangu ana beberu mwenye kiburi."

Nilidhani nimechanganyikiwa. Beberu gani? Akaendelea. Beberu huyo alikula kofia ya mchuuzi, uzi ukabaki unaning'inia mdomoni. Mchuuzi akamfuata kutwa nzima, aendapo naye yumo, akingoja kofia itokee upande wa pili. Majike ya mbuzi yakamcheka mchuuzi. Beberu akapanda juu ya paa la tembe, akasimama hapo kama mwenye nyumba, na mchuuzi chini akimbembeleza, "Shuka, bwana mkubwa, unirudishie hata nusu."

Loo! Mtu aliyeshindwa kuandika kitu kisicho asali miaka yote, leo mbuzi wanamtoka kinywani wenyewe. Askari alikuwa wa kwanza kucheka. Akafuata akida. Halafu, juu ya wote, nikasikia kicheko cha mama yangu. Kile kicheko chake cha shambani, cha kupiga mapaja.

Mimi nimeukazia macho ukuta. Desturi ilikataza nisigeuke, nisiseme. Machozi yakanitoka yenyewe. Nilimchukia Mrangi wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Pale ndipo mahali pekee kaka yangu angetajwa, na yeye anamwekea beberu.

Akida akaomba karatasi aitazame. Nilielezwa baadaye: aliigeuza juu chini, kwa kuwa yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, akauliza, "Mbuzi yuko wapi hapa?" Mrangi akaweka kidole kwenye neno. "Huyu hapa, bwana." Kidole kilikuwa juu ya maneno "kaka yangu."

"Upuuzi mtupu," akida akasema, akicheka. "Andikeni tu, hauna madhara." Wakaondoka.

Viatu vilipopotelea mbali, Mrangi akakunja karatasi. Nikageuka.

"Nani alikupa ruhusa?" nilimfokea. "Nani? Nilikuomba mbuzi mimi?"

"Dada yangu, wangekuchapa."

"Wangenichapa! Mgongo ni wangu!"

Kanzu yake ilikuwa imelowa jasho mpaka kiunoni. Akamgeukia mwalimu, akasema, "Nimebadili maneno ya mwenzangu. Si neno moja, yote. Desturi naijua." Mwalimu alishindwa kusema toka, akashindwa pia kusema kaa. Mrangi akaiweka karatasi mkononi mwangu, akatafuta makubadhi yake, akatoka. Hakurudi tena katika mikutano yetu, ingawa tulimfuata hadi dukani kwake, na mimi nikiwa mbele ya wote. Alisema desturi isiyomgusa mtu anayependwa si desturi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule nilipotazama mlangoni, mama hakuwapo.

Nilimkuta njiani, katikati ya mashamba ya uwele. Alitembea polepole, hakucheka tena. Nikamfikia, nikatembea nyuma yake.

"Yule mtu," akasema bila kugeuka, "alikuwa anatetemeka."

"Ndiyo, mama."

"Mbuzi hawamtetemeshi mtu. Na wewe mbuzi hawakulizi." Akasimama. "Uliniita nije nisikie kitu. Nimekuja, sijakisikia. Kiseme."

Karatasi ilikuwa mkononi, lakini sikuifungua. Nilimwambia kwa kinywa changu mwenyewe, mimi mdogo wa marehemu, kinyume cha mila. Marenga Mkali. Homa. Mzigo kupewa mwingine. Nilisema yote kwa Kigogo, na kwa Kigogo yalikuwa mazito kuliko nilivyoyaandika.

Mama alisikiliza ameshika bua la uwele. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Alipewa maji?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno dogo, lisingemdhuru mtu, na Mungu angenisamehe. Nilimtazama usoni, nikashindwa.

"Aliomba, mama. Hakupewa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi," akasema. "Sasa ninaye wa kumlilia."

Akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele wa msiba. Wanawake mashambani wakatupa majembe, wakaja mbio, na wapita njia wakasimama, wengine wakitazama huku na huko, maana njia ile ilikuwa ya kwenda boma na akida hakuwa mbali. Wakauliza, "Nani kafa? Kafa na nini?"

Nikafungua kinywa kujibu. Mama akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza," akasema. "Hili nitalisema mimi." Akasimama katikati ya njia, akawaambia kwa sauti ya kusikika mbali. Alianza na jina la kaka yangu.