Kitambaa cha Mama na Feni ya Meko

Kitengela ya Julai haina huruma. Upepo unatoka huko mbugani bila kubisha hodi, unapita chini ya mlango, na kuta za mawe zinashika baridi kutwa nzima. Mama mkwe wangu, aliyezoea jua la kwao Makueni, hakukaa sana kabla ya kuanza kuutazama mkoba wake.

"Magoti yangu yatafia hapa," akatutangazia mezani. "Jumapili ikifika na hii nyumba bado ni friji, mimi narudi kwangu."

Kwake kulikuwa na nyumba tupu. Baba mkwe tulikuwa tumemzika, na Mama akiwa peke yake alikuwa anasahau hata kula. Sikutaka arudi kabisa. Nampenda yule mwanamke, hata akizikosoa chapati zangu mbele ya wageni.

Tumaini letu lilikuwa meko. Mume wangu alikuwa ameweka sebuleni sanduku la chuma ndani ya ukuta. Kuni zinawaka ndani yake, na feni iliyofichwa chini inavuta hewa ya chumba kupitia matundu yaliyo karibu na sakafu, inaizungusha nyuma ya chuma chenye moto, kisha inaitoa juu ikiwa na joto. Ndivyo fundi alivyoapa. Lakini wapi! Feni ilinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na juu hakukutoka hata hewa ya kuzima mshumaa.

"Feni yako ni domo tu," nikamwambia mume wangu.

"Ni vumbi. Hii si Kitengela?"

Jumamosi akaifungua, akaisugua kwa brashi, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli huku akikohoa. Alipoiwasha, haki ya Mungu, joto lilinipiga usoni nikapiga vigelegele. Mama akavua sweta ya juu. Mume wangu akafunga kazi yake, akapanga kila kitu mahali pake, akaenda kunawa akijisifu.

Kabla chai haijaiva, baridi ilikuwa imerudi. Mama akavaa sweta yake, akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya mkoba ikifungwa. Roho iliniuma.

Nikapiga magoti mbele ya meko kuifokea feni, maana mimi hasira zangu hazichagui, hata chuma nakitukana. Hapo ndipo nikakiona kitambaa.

Mama hufuma vitambaa. Tangu aje alikuwa amefunika sofa, tivi, redio, hata mtungi wa maji. "Kitu cha nyumba hakikai uchi," husema, na akishakifunika, hicho kimepata makao, hakihami, usikiguse. Matundu ya feni nayo alikuwa ameyaning'inizia kitambaa cheupe chenye maua ya waridi. Tulikuwa tumekizoea mpaka hatukioni tena. Kilikuwa kimevutwa na feni, kimeng'ang'ania matundu yote. Na mume wangu, mtoto aliyelelewa akaleleka, alikuwa amekitoa ili asafishe, halafu akakirudisha na kukinyoosha kona.

"Mwambie," nikamnong'oneza mume wangu.

"Mwambie wewe."

"Si ni mama yako?"

"Ndiyo maana siwezi."

Mwanaume mzima! Nikaenda mwenyewe. "Mama, ile mashine inavuta pumzi kupitia pale chini. Iko na kitambaa puani."

Akanitazama. Nikajua nimeharibu, ataondoka leo leo.

"Aiya! Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikiinyonga?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Akatoka, akaking'oa kitambaa kwa mkono wake, na joto likamwagika. Akasimama pale akiwa ameinua kidogo leso aliyojifunga kiunoni, akiyapa magoti moto. "Na huyu kijana akakirudisha! Jameni, nilimlea nikapitiliza."

Jumapili, baada ya kanisa, nikampelekea chai chumbani, macho yangu yakitafuta mkoba kabla hata ya kumtafuta yeye. Ulikuwa kwenye kona, umejaa, zipu imefungwa. Nusura nimwage chai. Halafu nikaona kilichokuwa juu yake: kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, kimetandikwa vizuri, kona zote zimenyooshwa.