Dakika ya Sabini na Tano

Mwezi uliopita niliketi ndani ya uwanja wa mpira wa Jeddah kwa mara ya kwanza maishani, mtoto wa watu akiwa amelala mapajani mwangu. Ubao ulipoonyesha dakika ya sabini na tano, madam akanigusa bega. "Yalla," akasema, "tuondoke kabla barabara hazijajaa." Nikwambie ukweli, msomaji wangu, niliutazama ubao mara ya pili. Maneno hayohayo, dakika ileile. Nilipokuwa mtoto katika mji ule niliyasikia yakisimuliwa kila wiki kama kichekesho, kisha siku moja nikayasikia kwa masikio yangu, na hiyo siku moja ndiyo isiyoniacha nikalala vizuri hadi leo.

Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, karibu na Al-Murabba, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Jeddah tulikwenda kwa harusi ya mdogo wake madam. Pale nyumbani hakuna ajuaye kwamba mji ule niliujua kabla watoto wao hawajazaliwa, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilikulia mtaa wa Al-Baghdadiyah, Jeddah, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko. Baba yangu, mtu wa Mumias, alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mmarekani. Wakenya wengi waliokuja kuendesha magari waliacha wake na watoto nyumbani. Sisi tulipata ikama ya familia, kibali cha kuishi kule, kwa sababu yule Mmarekani alimganda kafili wa baba, yaani mdhamini wake, mpaka kafili akachoka naye. Kiyoyozi chetu cha dirishani kilinguruma kutwa na kudondosha maji kwenye ndoo, na kazi yangu ilikuwa kuosha ngazi kwa maji hayo kabla jirani wa chini hajaanza kulalamika. Asubuhi ya Ijumaa nilitumwa kwenye tanuri la Waafghani kununua tamis, ule mkate wao mpana, moto kiasi cha kuunguza vidole kupitia gazeti. Nikipanda ngazi niliumega ukingo kidogo kidogo. Mama aliupokea, akauzungusha mkononi, akauliza ni panya gani huyu wa Jeddah anayekula mkate kwa kuuzunguka.

Lakini siku yangu kubwa ilikuwa Alhamisi. Kampuni ilimpa Mmarekani tiketi mbili za mpira, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kwenda naye, akamchukua dereva wake. Wakati ule mwanamke hakuingia uwanjani, awe na miaka saba au sabini, kwa hiyo mimi na mama mechi zote tuliziona kupitia mdomo wa baba. Alirudi akavua viatu, akaosha uso, akakaa mkekani, na kabla chai haijamiminwa mpira ulikuwa umeshaanza. Alikimbia akiwa amekaa. Vikombe vilikuwa mabeki, kijiko kilikuwa winga, na mama aliwahi kuunguzwa na chai kwa sababu ya kona moja iliyopigwa vibaya.

Taabu ilikuwa moja tu. Baba hakuwahi kuona mwisho wa mechi hata moja. Ikifika dakika ya sabini na tano, Mmarekani alitazama saa, akasimama, akajipapasa mifuko kutafuta miwani yake. "Tuondoke kabla barabara hazijajaa," alisema. Baba angefanya nini? Ndiye aliyekuwa na funguo za gari. Mara nyingine walikuwa wamefika maegeshoni watu wakalipuka kwa kelele huko nyuma. Mmarekani alicheka akasema, "Hiyo imetupita!" na baba alishika usukani kama anayetaka kuung'oa.

"Mpaka hapo niliona mimi," alituambia. "Yaliyobaki muulizeni Myemeni."

Basi nilishuka mbio hadi duka la Myemeni, mtu wa maneno machache, ambaye alininyooshea vidole vya mkono mmoja kwa timu hii na vya mkono wa pili kwa timu ile. Nilipanda na matokeo. Baba alibuni magoli yalivyofungwa, kisha akanigeukia. "Haya, refa wangu. Maliza mechi." Hapo nilisimama katikati ya chumba, nikabana midomo, nikapuliza mara tatu, mbili fupi na moja ndefu. Bila filimbi yangu mechi haikuisha, na bila mechi kuisha hakuna aliyeruhusiwa kula.

Yule Mmarekani alimshangaza baba kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwendesha. Kwao, alimweleza, mchezo wao wa besiboli ni wa kwenda na familia, mnakula, mnapiga soga, mnasimama kununua soseji, mnarudi, na hamjapoteza kitu. Mchezo husimama na kuanza tena kwa muda wa saa tatu au nne. Yeye alikuwa na daftari dogo na penseli, na tangu utoto wake aliandika kila mpira uliorushwa na kila mtu aliyekimbia. Akaja na daftari lake kwenye mpira wetu. Kufikia mapumziko ukurasa ulikuwa mweupe.

"Hakuna kilichotokea," alimwambia baba.

Baba alitusimulia hayo akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Hakuna kilichotokea! Watu pembeni yangu walikuwa wanasoma dua!"

Sare ndiyo iliyomuudhi Mmarekani kuliko kufungwa. Aliuliza kwa nini wasiendelee mpaka mmoja ashinde, kama kwao, na watu wote hawa wamekuja kufanya nini. Na timu ya baba ilipofungwa, baba akaendesha gari kimya hadi nyumbani na kulala bila kula, Mmarekani alimpiga bega kesho yake. "Ni mchezo tu, rafiki." Yeye timu yake ya kwao ikifungwa alikunja daftari akauliza kuna chakula gani. Baba alisema mtu wa namna hiyo hajawahi kupenda kitu. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilikuja kujuta.

Kulikuwa na neno moja la baba ambalo lilirudi kila Alhamisi. Alisema ukitoka mpira haujaisha, umewaacha wale kumi na mmoja peke yao. Mama, ambaye hakupenda kushindwa maneno, alimwuliza kwani yeye si ndiye anayewaacha kila wiki?

"Mimi ni dereva, mama watoto," alijibu. "Dereva haondoki. Dereva huondoshwa."

Nilipokuwa na miaka tisa figo za baba zilianza kukataa kazi. Tuliona kwanza miguuni, viatu vilipogoma kuingia, kisha kwenye ngazi, alipoanza kupumzika kila ghorofa akijifanya anakagua kama nimeosha. Akalazwa. Dereva mgonjwa hana faida kwa kafili, na kafili akavunja mkataba. Ikama zetu mimi na mama zilisimama juu ya ile ya kwake, kwa hiyo tukapigiwa muhuri wa kutoka moja kwa moja, wenye tarehe ya mwisho. Baba hakuweza kupanda ndege. Mama alikwenda ofisi hii na ile, akiwa na bahasha ya makaratasi kifuani, na kila dirisha likamjibu "halas" au "mafi", imekwisha au hakuna, mpaka nami nikayachukia maneno hayo. Mmarekani akasema hali ya baba imetulia, sisi tusivunje sheria tukafungwa, yeye atabaki naye. Nilimsikia nikajiambia: huyu? Huyu asiyeweza kukaa dakika tisini?

Siku ya kuondoka tulipita hospitali, teksi ikitungoja chini. Baba alikuwa amepungua mpaka kitanda kikaonekana kikubwa. Alinishika kidole akaanza kunisimulia mechi aliyoiona kwenye simu ya mgonjwa mwenzake, polepole, akipumzika katikati, na alikuwa hajafika mbali. Mama alitazama saa.

"Twende, mwanangu," akasema. "Barabara zitajaa."

Baba aliiacha mechi hapo. Alitabasamu kidogo, nadhani kwa sababu na yeye aliyasikia maneno hayo yalivyotoka. "Nendeni," akasema. "Nitakumalizia kwa simu." Tukatoka. Sikupuliza filimbi. Nilikuwa mtoto, nililia, nilishikwa mkono nikavutwa, najua hayo yote, na bado hayanisaidii.

Siku ya kumi na mbili simu ililia Mumias, nyumbani kwa nyanya, na alikuwa Mmarekani. Mama alisikiliza huku akitufasiria kidogo kidogo, na alipofika mahali fulani akawa hawezi tena, akakaa chini na simu sikioni. Nilikuja kuelewa yote baadaye. Kila alasiri akitoka kazini Mmarekani alikwenda hospitali. Ile Ijumaa aliegemeza simu yake kwenye jagi la maji, wakatazama mpira. Baba alikuwa akisinzia na kuzinduka. Dakika ya sabini na tano akafumbua macho akauliza, "Tunaondoka sasa, bosi?" Mmarekani akamjibu, "Hapana. Leo hatuna haraka." Wakakaa. Filimbi ilipopigwa baba alikuwa macho. Alifariki kesho yake asubuhi, na watu wa msikiti wa karibu wakamzika kabla ya jua kuzama.

Baada ya majuma kadhaa ilikuja barua yenye karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa penseli, dakika kwa dakika, kila pasi, kila mpira uliotoka. Chini kabisa, sifuri kwa sifuri. Mama aliitia kwenye bahasha ya pasipoti na imekaa humo hadi leo. Nilimchukia yule mtu kwa miaka mingi. Si kwa ubaya wowote aliotutendea, bali kwa sababu alikaa mimi nikaenda. Tulimcheka kwamba hajawahi kupenda kitu, na ndiye aliyebaki mpaka mwisho wa mechi isiyokuwa na goli.

Mwezi uliopita, asubuhi ya siku ileile ya mpira, nilimwomba dereva wa madam, mtu wa Busia, anipitishe Al-Baghdadiyah. Upande wetu umebomolewa. Hakuna ngazi, hakuna tanuri, hakuna Myemeni, kuna uwanda wa kifusi na mabati yaliyouzunguka. Tukaenda makaburini. Mlinzi aliinua mkono kabla sijafika langoni: wanawake mafi. Dereva aliingia badala yangu. Alirudi akatikisa kichwa.

"Dadangu, ni mawe tu kule ndani. Hakuna jina hata moja. Nimemsomea tu hapo katikati."

Zamani uwanjani palikuwa pa baba na mimi sikuruhusiwa. Leo uwanjani naruhusiwa, na alipo baba siruhusiwi. Kwa hiyo jioni ile, mtoto akiwa mapajani, nilikuwa nimeamua kwamba hapa ndipo nitakapomzikia baba. Nitakaa mpaka filimbi, basi. Ndipo madam akanigusa bega.

"Madam, dakika kumi na tano tu," nilisema. "Tafadhali. Mpaka iishe." Kwa miaka mitatu sikuwahi kumwomba kitu.

Alinitazama kwa mshangao, bila hasira. "Ni mpira tu huo," akasema. "Mtoto amechoka. Halas, yalla."

Nilimbeba mtoto nikamfuata. Tulikuwa maegeshoni watu walipolipuka nyuma yetu, kelele ikapita juu ya magari yote. Dereva wa Busia alinifungulia mlango akauliza kwa sauti ya chini ni nani amefunga. Nikamwambia sijui.

Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari, kama madam alivyotaka. Nilitazama saa ya gari, nikahesabu, nikaongeza na dakika za majeruhi. Zilipotimia nikageuzia uso dirishani, nikabana midomo, nikapuliza mbili fupi na moja ndefu, kwa pumzi tu, ili mtoto asiamke.